Ruhusa Zote za Mkuu

Mama Tovuti, kama walivyomwita pale chuoni, alikuwa amefura kwa hasira. Kwa miaka sita ndiye aliyepanga nani aone nini kwenye tovuti: wanafunzi wasome, walimu waandike, yeye peke yake afute. Mkuu wa chuo akang'ang'ania apewe ruhusa zote, eti haiwezekani bosi azidiwe na mfanyakazi wake. Akapewa. Jumatatu akabonyeza asipopajua, mitihani ya wiki ile ikawa wazi kwa wanafunzi wote.

"Umeniaibisha!" Mkuu akamfokea mbele ya walimu.

"Mimi, Mzee? Kidole kilikuwa cha nani?"

"Usinijibu!"

Mama Tovuti alirudi mezani, akamuundia Mkuu cheo kipya kwenye tovuti: Msimamizi Mkuu wa Wasimamizi Wote. Ndani yake akaweka ruhusa moja tu, ya kusoma, ile ile ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mkuu alipokiona kando ya jina lake, alicheka meno yote nje. "Sasa ndiyo umenielewa!"

Huu ni mwezi wa tano Mkuu hajalalamika, na hilo ndilo linalomchoma roho Mama Tovuti: kumbe ruhusa zenyewe hakuwa na kazi nazo hata siku moja.