Walivyofuta Makosa Yangu

Mpaka leo nikilikumbuka neno "tumesafisha", damu hunichemka.

Kila Jumamosi baada ya alasiri nilikuwa nikifundisha kutengeneza tovuti, mubashara, kutoka chumba cha juu nyumbani kwa mama, Mji wa Kale. Wanafunzi waliingia kwa simu zao, na dakika kumi za mwanzo ziliishia kwenye salamu: habari za nyumbani, mgonjwa aendeleaje, huko Majengo mvua ilikuwaje. Jirani akipiga hodi chini, darasa zima lilinisubiri niitike, maana hodi huitikiwa hata ukiwa hewani. Kisha nikaanza kuandika msimbo wa ukurasa, na kukosea. Nikisahau alama moja tu, ukurasa mzima hutoka mweupe.

Hapo ndipo darasa lilipochangamka. Kila mtu alilisaka kosa langu, na hodari wao alikuwa karani wa ghala moja la Shimanzi, mama wa makamo aliyesomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. "Mwalimu, rudi juu kidogo. Hapo hukufunga alama." Alinisahihisha kwa raha kubwa, nami nilipenda. Alikuwa ameshaanza kumtengenezea dada yake, fundi cherehani, tovuti yake ya kwanza, na alikusudia siku moja kuliacha ghala afanye kazi hiyo tu.

Ikaja kampuni moja ya kozi za mtandaoni. Walitaka nirekodi masomo yote upya na niache kufundisha mubashara. Nikatia sahihi. Nikarekodi kama nilivyozoea, salamu, hodi na makosa yote ndani. Waliponiletea kozi niipitishe, nilitazama dakika tano za mwanzo, nikauona uso wangu unavyong'aa, nikasema sawa. Ujinga mtupu.

Kozi ilipokwisha kutoka ndipo nikaitazama hadi mwisho. Salamu hakuna. Kila kosa limekatwa. Naandika mstari, ukurasa unatokea. Naandika mwingine, unatokea, kama mtu ambaye hajawahi kukuna kichwa maishani mwake. Nikampigia simu mhariri wao, akanijibu kwa upole wa kuudhi: "Tumesafisha tu, mwalimu. Mwanafunzi anataka kumwona bingwa."

Bingwa gani? Makosa yale ndiyo yaliyokuwa somo! Nilifoka mpaka mama akapanda ngazi kuuliza kuna nini.

Kisha nikamtafuta yule karani kwa simu, kwa kuwa sikumwona miongoni mwa wanafunzi wa kozi. Tulisalimiana vizuri, nikamuuliza tovuti ya dada yake imefika wapi.

"Niliiwacha, mwalimu. Nilitazama masomo mawili matatu ya bure ya kozi yako, nikaona hukosei hata mara moja. Mimi kutwa nakosea. Nikajua kazi hii si ya watu kama mimi."

Nikamweleza, kwa hasira, jinsi walivyonikatakata. Kwamba somo moja la dakika nane lilinichukua siku mbili nzima, nikikwama, nikifuta, nikianza upya. Nikawaita wezi, nikawaita waongo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hawakukuonyesha kabla ya kuitoa?"

"Walinionyesha."



"Haya, mwalimu. Wacha nirudi kazini, nna lori mlangoni."