Ubingwa Wangu na Watu wa Logiri

Kwa miaka kadhaa nilikuwa bingwa wa ngumi wa uzito wa juu, na hata leo mtu akiniita bingwa nageuza uso. Wajukuu wangu wanadhani ni unyenyekevu. Mimi na unyenyekevu hatujawahi kulala nyumba moja. Ninachoona ni aibu, na sasa nimezeeka vya kutosha kuitaja kwa jina lake.

Nilizaliwa Koboko, huku West Nile, katika nyumba ya askari. Babu alikuja na bunduki kutoka Sudan, baba akazeeka akiwa koplo, na mama alisuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi, huku akitutukana kwa Kinubi tulipopigana uani. Nilikuwa na mwili mkubwa tangu utotoni. Nilipoingia jeshini hawakuniuliza kama napenda ngumi. Walinipima mabega kwa macho, wakanipa glovu.

Sikuwa fundi wa kucheza na miguu kama vijana wa uzito mwepesi. Nilikuwa mtu wa kubana. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa wa kuchokoza tu, kumfanya mtu arudi nyuma, arudi tena, mpaka mgongo wake uguse kamba. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Nilimwekea kichwa kifuani, nikamlalia kwa uzito wangu wote, nikampiga mbavu mpaka mikono yake ishuke kuzilinda. Ikishuka, mkono wa kulia unamaliza. Na sikutazama ngumi za mtu, nilitazama miguu. Mtu anaweza kukudanganya kwa mabega na kwa macho, lakini kabla ya kupiga kwa nguvu lazima akanyage.

Aliyenifundisha hilo la miguu ni mkulima wa tumbaku wa Logiri, vijijini nje ya Arua, aliyejifunza ngumi katika shule ya misheni pale Ediofe. Alinifundisha kwa kunipiga. Ilikuwa Arua, kabla ya serikali kubadilika, nami nilikuwa askari mgeni katika timu. Kila nilipomsukuma kwenye kamba alizunguka upande wangu wa kushoto, nikajikuta nakumbatia hewa, na yeye ananichapa mbavu. Mwishowe nilipiga magoti nikahesabiwa mpaka kumi. Watu walicheka sana. Nami baadaye nilicheka, maana alinijia nikiwa nafungua bendeji za mikono, akaniambia mtu mkubwa hivi hawezi kulala njaa kwa sababu ya ngumi moja, twende nyumbani kwao tukale.

Tulikula ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim, na aliyetuletea maji ya kunawa alikuwa dada yake. Alinitazama jicho lililovimba, akauliza kama hilo jingine bado linaona. Kwa hiyo mke wangu nilimpata kwa kushindwa, na hakuna ushindi ulionipa kitu kinachofanana na hicho. Mkulima yule akawa shemeji yangu. Mama yao akawa mkwe wangu, na kwa desturi yetu mkwe wa namna hiyo huonani naye uso kwa uso. Nikifika kwao, yeye anaingia jikoni. Tukikutana njiani, mmoja wetu anaingia majanini. Tulisalimiana kupitia ukuta au kwa kumtuma mtoto, kwa Kilugbara, na nilimpenda sana mama yule ambaye nilikuwa naijua sauti yake tu.

Mwanzoni mwa 1971 serikali ilibadilika, na askari wa upande wetu wakawa ndio wenye nchi. Mimi sikufanya lolote katika hayo, lakini mvua ikinyesha haimchagui mtu. Nilipandishwa cheo, nikapewa nyumba nzuri kambini Arua. Na katika ulingo watu wakaanza kuanguka. Nilimwangusha huyu, nikamwangusha yule, nikawa bingwa, mkanda nikafungwa kiunoni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliacha kukimbia asubuhi, nikanenepa kwa maini na kisra, ile mikate yetu myembamba, na bado nilishinda. Nilipopita sokoni wauza nyama walinifungia kipande kizuri na kukataa hela. Niliamini wananipenda. Ee, niliamini kabisa, mtu mzima mwenye ndevu.

Mkono wangu ndio ulioniambia ukweli. Tulikuwa Koboko kwenye sherehe, nami napigana na fundi wa magari kutoka mbali, jitu lenye shingo nene. Nilimfikisha kwenye kamba, nikatupa mkono wa kulia, naye akaanguka. Lakini ngumi inapompata mtu, uzito wake unakurudia mpaka kwenye bega. Safari hii haukurudi. Nilikuwa nimegusa jasho lake tu. Nilitazama miguu yake pale chini na ilikuwa imetulia, miguu ya mtu anayejilaza kupumzika. Watu wa nyumbani kwetu wakashangilia, nami nikainua mikono kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya.

Nilirudi Arua nikamweleza mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa. Aliniambia kila mtu mjini anajua, hata watoto wanaocheza ngumi nyuma ya msikiti: anayeigiza kuwa mimi hapigwi, wenzake wanaanguka wenyewe. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akajibu kwamba hata yeye siku hizi anapima maneno kabla ya kuyasema mbele yangu. Hilo lilinichoma kuliko yote. Nilitoka nikazunguka kambi nzima nimekunja uso, na kila niliyekutana naye alinipisha njia. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo watu walivyosema, nami nilikuwa nimedhani wanasema ngumi zangu.

Nilitaka kitu kimoja tu baada ya hapo: mtu mmoja anipige kwa kweli. Kama ningeshinda, ningejua mimi ni bingwa. Kama ningeshindwa, ningejua kwamba siyo. Na mtu wa kuniambia nilimjua. Alikuwa ameacha ulingo, anashughulika na tumbaku yake, lakini aliwahi kunipigisha magoti, na ni shemeji. Yeye hawezi kuniogopa, nilijiambia.

Sasa, kwa wakwe huendi ovyo. Unavaa nguo yako iliyo bora, na huendi peke yako, unasindikizwa na wenzako ili jambo lako lionekane zito. Nilifuata desturi kama nilivyolelewa. Nguo yangu iliyo bora ilikuwa sare, nikaipiga pasi mwenyewe. Wenzangu walikuwa askari watatu, marafiki wazuri, mmoja wao akaazima Landrova ya kambi. Tulitia nyuma gunia la sukari na mbuzi. Ilikuwa asubuhi tu, jua zuri, tukaondoka tunapiga soga. Haikunipitia akilini, wallahi haikunipitia, jinsi watu wa Logiri walivyokuwa wamezoea kuona Landrova yenye askari ikiingia katika boma la mtu na kumuulizia kwa jina, na mtu huyo asionekane tena.

Tulipokata kona tuliwaona watoto wakikimbilia mtamani. Mwanamke aliyekuwa anatwanga aliacha mchi uanguke. Tulisimama katikati ya boma, na palikuwa kimya isipokuwa mbuzi wetu aliyekuwa analia nyuma ya gari. Nikashuka, nikarekebisha kofia, nikaita kwa sauti ya furaha jina la shemeji yangu.

Aliyetoka ni mkwe wangu. Alitoka jikoni kwa magoti, akatembea kwa magoti mpaka mbele yangu, akaniangalia usoni. Ndiyo siku niliyouona uso wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa anafanana na mke wangu kwenye mdomo. Hakuzungumza nami Kilugbara, ile lugha yetu ya kupitia ukutani. Alitumia Kiswahili, ambacho alikijua maneno machache tu, yale ya kumwambia askari.

"Afande," alisema, "kama iko makosa, chukua mimi. Wacha yeye."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilizunguka nyuma ya gari nikachutama hapo na sare yangu iliyopigwa pasi, nikafunika uso kwa kofia. Nilikuwa na aibu ambayo sijui mwili unaiweka wapi. Wenzangu walidhani naumwa. Mmoja alianza kumwambia mama yule asimame, na kadiri alivyosema ndivyo mama alivyozidi kuinama.

Kisha shemeji yangu akatoka katika kibanda cha kukaushia tumbaku, mikono juu. Nilimwendea nikamshusha ile mikono mwenyewe. Nikamweleza haraka haraka, maneno yakigongana, kwamba nimekuja kwa heshima, kuna mbuzi, kuna sukari, nataka tupigane Arua mbele ya watu kama ile siku. Alinisikiliza. Aliwatazama wenzangu, akamtazama mama yake aliyekuwa bado chini, akaniuliza swali lake bila kejeli yoyote, kama fundi cherehani anayeuliza urefu wa suruali.

"Shemegi, wewe nataka mimi anguka raundi ngapi?"

Nilimwambia sitaki aanguke. Nilimwambia ole wake akianguka bila kupigwa, na mara maneno yalipotoka nikasikia yalivyo. Akajibu, sawa, afande. Walituchinjia kuku. Tulikaa kwenye viti wao wamesimama.

Ningemalizia pale, nikaenda zangu, ningebaki na kipande cha heshima. Lakini kichwa changu ni kigumu. Nilidhani kengele ikishagongwa woga utabaki nje ya kamba. Ulingo nilikuwa nauamini kuliko nilivyowaamini watu.

Tulipigana Jumamosi alasiri. Maofisa walikaa kwenye viti vya mbele, na nyuma yao mji mzima umesimama, na watu wa Adumi waliokuja sokoni na mizigo yao vichwani. Mke wangu alikataa kuja. Shemeji alipanda akiwa amekonda, lakini mabega yake yalikuwa yale yale ya jembe. Kengele ikagongwa. Nikamchokoza kwa kushoto, akarudi nyuma. Nikamchokoza tena, akarudi, mpaka mgongo ukagusa kamba, nami nikasubiri azunguke upande wangu wa kushoto kama zamani. Hakuzunguka. Nikampiga mbavu, akapokea. Nikampiga tena, akapokea. Nilikuwa nimemkataza kuanguka, na alikuwa anatii. Alisimama pale kama ng'ombe kwenye mvua, na safari hii uzito wa kila ngumi ulinirudia begani wote.

Raundi ya pili nilimkumbatia, nikamwambia sikioni apige. Alikuwa anahema damu. Aliniuliza kama hiyo ni amri. Nikasema ndiyo, ni amri, piga. Akapiga. Aligusa tumbo langu kama mwanamke anayejaribu unga kama umekandika, huku macho yake yakiwa kwa maofisa. Nilitazama miguu yake. Hakuwa amekanyaga.

Nilielewa hapo kwamba hakuna mtu West Nile nzima atakayenipiga, na kwamba ndugu wa mke wangu atakufa amesimama mbele yangu kwa sababu nilimwomba ukweli nikiwa nimevaa sare. Sikuona njia nyingine ya kumwokoa ila moja. Alipotupa tena ule mkono wake laini, nikaanguka. Mimi, ambaye nilikuwa nimewalaani wote walioanguka hivyo, nilijilaza chali kwenye turubai, nikafumba macho, nikasubiri kuhesabiwa.

Hakuna aliyehesabu. Nilifumbua jicho moja. Refa, sajenti wa kambi yetu, alikuwa anawatazama maofisa. Kisha akatangaza kwa sauti kubwa kwamba bingwa ameteleza, akachukua taulo akaanza kufuta turubai mahali pakavu kabisa. Sikuamka.  Nikasikia kiti kinasogezwa mbele, ofisa mmoja amesimama, anauliza yule mkulima ni nani na anatoka wapi.

Shemeji yangu aliinama, akanishika kwapani kwa glovu zake mbili. Damu yake ilinidondokea kifuani. Alikuwa ananivuta kwa nguvu zake zote, na uso wake ulikuwa karibu sana na wangu.

"Shemegi, simama," alisema. "Mimi naomba wewe. Mimi iko na watoto."

Nikasimama. Refa akaninyanyua mkono, na watu wakashangilia.