Kanga Asiye na Jicho

Niliondoka Migwani asubuhi moja bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimetoka chumbani kuchota maji ya kunawa, mtungi mkononi, na nilipofika bombani nikaona kwamba nimevaa viatu vyangu vizuri. Sikumbuki kuvivaa. Nikauacha mtungi kwenye foleni, nyuma ya mitungi mingine minne, nikarudi chumbani, nikachukua begi na koti, nikapita nyuma ya karakana ambako kuku walikuwa wameanza kuparura, nikatoka barabarani.

Ndani ya karakana, kwenye waya, kulikuwa na kanga thelathini na kitu wanaosubiri vichwa. Vichwa vilikuwa kazi yangu. Nilijua hilo nilipokuwa natembea, na bado miguu haikupunguza mwendo.

Tulikuwa tunatengeneza mipira ya kuzuia matope, ile inayoning'inia nyuma ya gurudumu la pikipiki. Mpira mweusi hukatwa kwa kisu, hutobolewa matundu mawili ya boliti, kisha huchorwa. Mtu wa boda anaweza kuendesha pikipiki isiyo na taa wala kioo, lakini mpira wa nyuma ataununua, na atataka wenye picha. Picha yetu ilikuwa kanga anayekimbia: mwili wa madoa meupe, bawa moja jekundu, shingo imenyooshwa kama anayekimbizwa. Kichwa kilikuwa cheusi tupu. Hakikuwa na jicho.

Aliyembuni kanga huyo tulimwita Shehe. Hakuwa shehe wa kitu chochote. Babu yake alitoka pwani akafungua duka Mwingi, familia ikabaki huko, na kwa kuwa mjukuu huyu alikuwa anaswali hata siku za kazi nyingi, watu wa boda walimpa cheo. Alichorea nyuma ya pazia la magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, maana hakupenda kutazamwa. Mipira yake ilibebwa kwa mafurushi kutoka Migwani hadi upande wa Makueni, na mtu akiona kanga yule nyuma ya pikipiki, hata Emali, alijua ametoka kwa nani.

Mimi niliingia pale kwa sababu ya kisu. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijawahi kupita mahali mtu anafanya kazi nisiyoielewa bila kusimama. Nimechoma matofali, nimepakia mchanga, nimeuza matikiti kando ya barabara kuu. Siku hiyo nilikuwa napita tu. Nikaona mtu anakata mpira mgumu kama mkate, nikauliza kisu hicho kinanolewa na nini. Mwenye karakana, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akasema, "Kaa hapa uone." Nikakaa miaka miwili na zaidi.

Yeye tulimwita Mwaitu, ambalo ndilo neno la Kikamba la mama. Mimi waliniita Mgeni, na jina hilo halikuchakaa. Shehe aliniruhusu kuingia ndani ya pazia baada ya mwezi mmoja. Alisema maswali yangu yanamsumbua zaidi nikiwa nje kuliko nikiwa ndani. Mwili wa kanga ulipigwa rangi kupitia filamu kuukuu ya eksirei aliyoitoboa kwa wembe. Ukiiinua juani uliona mbavu za mgonjwa fulani, na katikati ya mbavu, umbo la ndege. Shingo na kichwa alivifanya kwa mkono, brashi moja, pumzi moja. Hiyo shingo ndiyo niliyojifunza.

Kisha Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini, akaosha brashi zote kwa thina, akanipa ile filamu. Alikuwa anahamia Malindi kwa shemeji yake. Alimuaga Mwaitu vizuri, wakapeana mikono kwa muda mrefu. Alipokwisha kuondoka, Mwaitu alilifungua pazia lote akalikunja.

"Aliyekwenda amekwenda na mkono wake," akasema. "Sisi tutafute ndege wetu. Mgeni, chora."

Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilichora hondohondo mwenye mdomo wa njano. Nikachora alizeti. Nikachora simba, na watu wa boda wakasema anafanana na mzee fulani wa kanisa akiwa anasubiri sadaka. Tulivitundika mbele, palipo na jua, wavionee mbali. Walikuja, wakavigeuza, wakauliza, "Kanga yuko wapi?" Vumbi likashika juu ya alizeti mpaka ikawa ya kijivu.

Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la busara. Nitamrudisha kanga, lakini nitampa jicho. Ndege ni yule yule, ila ameamka. Duara dogo jeupe, nukta nyeusi katikati. Mwaitu aliutazama mpira wa kwanza akasema, "Sasa huyu ni wetu." Siku ya soko walichukua yote.

Walianza kurudi kabla ya wiki kwisha.

Wa kwanza aliegesha pikipiki mbele ya karakana, hakushuka. "Mgeni, njoo utoe hiki kitu."

"Kitu gani?"

"Jicho. Tangu Jumatatu naangaliwa. Askari wamenisimamisha mara mbili, siku moja, barabara moja."

"Walikusimamisha kwa sababu ya kanga?"

"Zamani walikuwa wananisimamisha mara moja."

Wa pili alikuwa amebeba kreti la vifaranga, akaanguka kwenye mtaro ambao amekuwa akiukwepa tangu aanze kazi. Alisema ndege aliyepofuka haoni ajali, kwa hiyo ajali nayo haimwoni. Ila ukimpa ndege jicho, tena nyuma, tena anayetazama kila kinachokufuata, umeita kila kinachokufuata. Alinieleza haya kwa subira, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. Na mimi nilikuwa nimeishi pale muda wote huo sijui. Nilikuwa nimeuliza juu ya visu, rangi, gundi na filamu, nikasahau kuuliza wanaonunua wanaona nini.

Shemasi mmoja wa kanisa la Mwaitu alikuja saa ya chakula cha mchana, wakati hakuna watu.

"Mimi siamini mambo haya," akaniambia.

"Najua, Mzee."

"Ni mke wangu. Amekataa kupanda."

"Nilipake jicho rangi nyeusi?"

"Lipake tu. Na pale pembeni pia, naona kama linaonekana bado."

Nilifumba macho ya kanga wote waliorudi. Ni kazi ya sekunde moja, tone moja la rangi nyeusi, na kila tone lilinishusha kidogo. Siku hiyo nikampigia Shehe simu Malindi nimuulize siri ya jicho ni nini. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hakuna siri. Marehemu baba alinikataza. Alisema nikichora kiumbe nisikimalize, kumpa mtu au mnyama uhai si kazi yangu. Nikawa naacha jicho. Hayo ya ajali wameyatengeneza wenyewe."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Walisema sawa, Shehe, usiweke jicho. Siku hizi naandika majina ya maduka. Herufi tu. Miaka tisa ndani ya lile gunia, ndege mmoja. Unanielewa?"

Nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Mwaitu alilitundika pazia tena. Hakufanya kwa ubaya. Alisema watu wa mbali wanaotoka Makueni hawajasikia kwamba Shehe amehama, na hakuna haja ya kuwahangaisha. Mimi nichore ndani, nisitoke wakiwa mbele. Wakifika wanasimama nje ya gunia wanapaza sauti, "Salaam aleikum, Shehe," na mimi, niliyelelewa kwenye shule ya Jumapili, najibu, "Aleikum salaam," kwa sauti nzito kidogo. Mara ya kwanza niliona aibu. Baada ya miezi mitatu sikuona kitu.

Nilidhani tunawadanganya. Kisha siku moja mtu wa boda wa pale pale Migwani, ambaye tulikuwa tumekunywa naye chai asubuhi, alikuja akasimama nje ya gunia akanisalimu kama Shehe. Nikachungulia.

"Si unajua ni mimi?"

"Sote tunajua ni wewe, Mgeni. Rudi ndani. Jibu."

"Nijibu nini na unajua?"

"Jibu tu. Usipojibu, mpira haukai vizuri."

Hapo ndipo nilipoona ukuta wenyewe ulionizingira. Kama ungekuwa uongo, ungeweza kufichuka siku moja nikawa huru. Lakini ulikuwa mapatano, na kila mtu alikuwa ameyakubali isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nayaitikia mara ishirini kwa siku.

Mwaitu naye alinifunga kwa wema. Aliweka dari ya mbao chumbani kwangu. Alininunulia kitanda cha futi nne. Kanisani akaanza kuniita mwanangu, na Jumapili nikikosa, kuna mtu anatumwa kuuliza kama naumwa. "Umezunguka vya kutosha," alikuwa akiniambia, ananiongezea nyama. "Sasa umepata mkono. Mtu akipata mkono anatulia." Hakuna mtu aliyewahi kunitakia mema kwa bidii namna ile. Usiku mmoja katika wiki nilikuwa naota nachora alizeti, na nikiamka nilikuwa nimelala chini ya dari yake, juu ya kitanda chake.

Siku moja kabla sijaondoka, mwanamume mmoja wa kijijini kwetu alipita Migwani. Mtu fulani alikuwa amemwambia niko pale. Alisimama nje ya pazia akaniita kwa jina langu, lile la kuzaliwa. Akaita mara mbili. Nililisikia vizuri. Nililisikia kama jina la mtu mwingine, mtu ambaye labda atatokea upande wa pili ajibu, nikaendelea na shingo niliyokuwa ninaichora. Alipokuwa amekwisha kuondoka, ndipo brashi iliposimama.

Kwa hiyo asubuhi ile viatu vilikuwa miguuni kabla kichwa hakijaamua.

Nilitembea mpaka jua likawa juu ya mabega, kisha lori lililobeba magunia ya ndengu likanichukua. Dereva alikuwa mtu mkimya anayetafuna miwa. Aliniuliza nashukia wapi, nikamwambia mahali atakaposimama kula, akaona ni jibu la kutosha. Tukapita Kitui, tukashika barabara ya kwenda Kibwezi. Baada ya Mutomo simu ikalia. Alikuwa Mwaitu.

"Uko wapi?"

"Njiani, Mwaitu."

"Njia ya wapi?"

"Sijajua."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anagonga tundu la boliti. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mtungi wako nimeuingiza ndani," akasema. "Na hawa walio kwenye waya, vichwa nani ataweka?"

"Filamu iko mezani. Yule anayekata mpira ana mkono mzuri. Mwache ajaribu, lakini mwambie aweke ndege wake."

"Watamkataa."

"Watakataa mwanzo."

"Ulikula?"

"Bado."

"Basi ule," akasema, akakata. Nilikaa na simu sikioni, dereva akanipa kipande cha muwa bila kuuliza.

Aliposimama kula tulikuwa Kiboko. Nilikuwa nimewahi kupita hapo nikiuza matikiti, sikuwahi kulala. Nilishuka, nikamshukuru, nikatembea nyuma ya maduka ambako nyani walikuwa wamekaa juu ya paa kama wenye nyumba. Nikakuta uwanja wenye vyumba saba kwa mstari, na mzee mmoja anafagia. Aliniambia alikuwa dereva wa trekta kwenye kituo cha utafiti, na sasa anapangisha. Chumba kimoja kilikuwa wazi. Akaleta daftari.

"Jina?"

Nikamtajia. Lilitoka polepole, kama neno la lugha niliyoisoma utotoni.

"Sema tena."

Nikalisema tena, na mara hiyo lilikuwa langu. Aliliandika kwa herufi kubwa. Kisha akatazama mikono yangu, ile rangi nyeupe na nyekundu iliyokauka pembeni ya kucha.

"Wewe ni fundi wa rangi."

Ningeweza kukataa. Lakini pembeni yake, chini ya kivuli chembamba cha paa, kulikuwa na pikipiki, na nyuma ya gurudumu kanga alikuwa anakimbia, bawa limebanduka nusu. Shingo ile niliijua. Haikuwa ya Shehe. Ya Shehe ilipinda kidogo mwishoni, hii ilinyooka.

Mzee aliona ninakotazama. "Huo mpira unatoka Migwani. Kuna Shehe mmoja huko. Nasikia hata hatoki nje."

"Shehe alihama zamani. Huyo nilimchora mimi."

Alinitazama, akautazama mpira, akanitazama tena. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayepima tairi kama litafika.

"Rangi ninayo stoo," akasema. "Kesho unaweza kunirudishia bawa?"

"Kanga sichori tena. Nikifuta hapo, nitakuwekea kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijui bado."

Aliegemeza ufagio ukutani. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, umefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu.

"Sawa," akasema. "Lakini kisiwe na macho."

Chumba kilikuwa na kitanda, msumari mmoja ukutani, na dirisha lililotazama barabara kuu. Nikatundika koti. Nikatoka tena nje kumuuliza stoo ina rangi gani.