Pikipiki Huchaguliwa Ikiwa Imelala

Pikipiki ya mume wangu ilinguruma mlimani masaa matatu mazima bila kusogea, na mimi niko chini naanika mashuka, nimetulia kabisa.

Nilipojua kwa nini haisogei, nilikaa kwenye matope nikashindwa kusimama.

Naitwa Mereana. Nina miaka hamsini na miwili. Mimi na mume wangu Hepa tunaishi kwenye shamba la kondoo, milima ya nyuma ya Taihape, huku New Zealand. Shamba si letu, ni la Mzee Geddes. Hepa ni mchungaji wake, mwaka wa kumi na tisa sasa, na nyumba tunayokaa inakuja na kazi.

Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Hilo liwekeni akilini.

Mchungaji wa huku haendi kwa miguu, milima ingemuua. Ni pikipiki, mbwa nyuma kwenye keria, na safari imeanza.

Sasa pikipiki ya Hepa ilikuwa lidude lizee, zito kama ng'ombe mwenye mimba. Halina selfu, ni la kupiga kiki. Na nyonga ya kulia ya Hepa imekwisha, imesagika. Kwa hiyo akishaliwasha asubuhi, halizimi. Akishuka kufunga geti, linanguruma. Akikaza waya za uzio, linanguruma pembeni yake. Mimi nikiusikia ule mngurumo najua mume wangu yuko kazini, mzima wa afya.

Siku ile ilikuwa mwezi wa sita, siku ambayo mimi siendi kazini, baridi ya kuuma mifupa. Niliusikia toka saa mbili asubuhi, palepale, juu ya bonde la mpakani. Nikasema moyoni, leo uzio umemshika.

Saa tano ukakata.

Nikasubiri apige kiki. Hakupiga.

Nikasubiri tena. Wapi.

Nikatupa shuka, nikaingia kwenye pikapu, nikapanda na njia ya matope hadi pikapu ikagoma. Nilipobaki kwa miguu nikamsikia mbwa wetu, Moss, analia.

Nikamkuta Hepa amebanwa. Lidude limemwangukia ubavuni, limemkandamiza mguu kwenye ukingo wa mlima, halikulala vizuri ndiyo maana halikuzima. Ekzosi imeunguza suruali mpaka ngozi. Moss amemlalia kifuani anampa joto.

"Mafuta yameisha," akaniambia. Hilo ndilo neno la kwanza.

"Hepa! Toka saa ngapi?"

"Toka saa mbili. Nimeita mpaka sauti imekauka."

"Sikukusikia."

"Najua. Ungenisikiaje na ngurumo yote hii?"

Jamani. Mimi nilikuwa naanika mashuka. Nikakaa kwenye matope nikalia kama mtoto, na yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza, "Basi mke wangu, basi. Simama utoe hili dude kwanza, utalia nyumbani."

Nikalibinua kwa nguzo ya uzio mpaka akachomoa mguu. Mungu si Athumani, mfupa haukuvunjika. Lakini daktari alipopiga picha ile nyonga akatikisa kichwa. Upasuaji, na foleni yake si chini ya mwaka.

Siku ya tatu Mzee Geddes akaja nyumbani. Akavua kofia, akanywa chai, akasafisha koo mara mbili. Nikajua hapa hakuna jema.

"Mwezi wa nane kondoo wanaanza kuzaa," alisema. "Elfu mbili. Lazima awepo mtu wa kupanda mlimani kila siku, mvua, theluji, vyovyote. Pikipiki nitanunua mimi, nyepesi, mchague wenyewe. Lakini ikifika tarehe mosi hakuna mtu wa kupanda, itabidi nitangaze kazi."

"Na nyumba?" nikauliza.

Akaiangalia kofia yake. "Mereana, mchungaji mpya naye atahitaji pa kulala."

Siwezi kumlaumu. Mgala muue na haki yake mpe. Kondoo hawasubiri nyonga ya mtu.

Hepa akamwomba watoke nje waongee wanaume wawili. Wakakaa kwenye ngazi karibu saa nzima. Aliporudi nikamuuliza mmeongea nini.

"Pikipiki," akasema.

Haya. Tukaanza kutafuta pikipiki.

Niwaambie ratiba yangu mnielewe. Mimi nilikuwa mpishi kwenye nyumba ya wazee mjini. Naamka saa kumi alfajiri, naendesha dakika arobaini, napika uji, nakatakata karoti, narudi saa tisa alasiri, nalisha mbwa, naangalia kondoo wagonjwa zizini. Kondoo wakizaa, naomba likizo yangu yote ya mwaka niimalizie mlimani pamoja na Hepa, navuta wanakondoo waliokwama kwa mikono yangu hii. Miaka kumi na tisa hivyo. Bure. Mke wa mchungaji ndivyo anavyofanya, hakuna anayekuuliza.

Sasa juu ya hayo, kila siku nikitoka kazini, dukani kuangalia pikipiki.

Duka la kwanza muuzaji alikuwa jamaa mmoja mwenye tumbo, anaitwa Desmond. Akatuletea moja inang'aa, cc mia mbili, keria mbele na nyuma.

"Hii bwana inabeba kondoo wawili na mbwa watatu!" Desmond akasema.

Hepa akaizunguka na gongo lake. Halafu akaishika usukani, akailaza chini. Palepale, kwenye sakafu ya duka.

"We mzee! We mzee vipi?" Desmond karibu azimie.

"Pikipiki huchaguliwa ikiwa imelala," Hepa akamjibu bila wasiwasi. "Ikiwa imesimama zote nzuri. Mereana, hebu iinue."

"Mimi?"

"Nyonga yangu si unaijua?"

Nikaivuta. Ikanyanyuka kidogo, ikarudi. Nikaivuta tena, mgongo ukalia ka! Desmond akaja kunisaidia, Hepa akamzuia kwa gongo.

"Nzito," akasema. "Twende."

Duka la pili tukakuta kale kapikipiki ka vijana ka kuruka vichuguu. Kepesi kweli, nikakainua kwa mkono mmoja na nusu. Nikafurahi, nikajua leo tumepata.

"Panda," Hepa akasema.

Kiti kirefu utadhani unapanda ukuta. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini.

"Haifai. Mlimani ukisimama kwenye mteremko unaenda na maji," Hepa akasema. "Halafu kelele zake kondoo watahama wilaya. Na keria iko wapi?"

"Lakini wewe una miguu mirefu kuliko mimi!" nikamwambia. "Wewe ungefika!"

Akajifanya hasikii.

Nilipandwa na hasira, sitaki kudanganya. Duka la tatu ilikuwa hivyohivyo, hendeli ya klachi ngumu, vidole vyangu vinauma. Klachi ngumu kwa nani? Mkono wake yeye ni kama koleo! Nikaona huyu mwanaume hataki kuchagua. Anavuta siku mpaka tarehe mosi ipite, halafu aseme nilijaribu.

Usiku ule nilipika viazi na mbavu za kondoo, nikampelekea sahani, nikaenda kulala bila kula.

Asubuhi, kabla sijatoka, akaniambia, "Leanne wa duka la vifaa vya shamba analeta moja hapahapa Jumamosi. Hiyo ndiyo ya mwisho. Naahidi."

"Ya mwisho kweli, Hepa. Mimi nimefika hapa," nikamwonyesha shingo.

Jumamosi Leanne akaja, mwanamke mfupi, mkavu, buti hadi magotini. Akashusha pikipiki ndogo, kijani iliyopauka, wala haina urembo. Injini ndogo, selfu ipo na kiki ipo, cheni imefungiwa ndani isiingie tope, na stendi pande zote mbili, maana mlimani hujui mteremko utakuwa upande gani.

"Hii haina mbio, shoga," Leanne akaniambia. "Lakini giya ya kwanza inatambaa kama mtu anayetembea. Unaweza kufuata kondoo mwenye mimba bila kumkimbiza."

Moss hakungoja ruhusa. Akaruka kwenye keria, akakaa.

Hepa akasema, "Ipakie kwanza. Makosa ya watu wote wanainua pikipiki tupu. Kazini haipo pikipiki tupu."

Nikapakia nyundo, robota la waya, chupa za maziwa ya wanakondoo. Akatupeleka nyuma ya banda, kwenye mteremko wenye majani yaliyolowa. Akamshusha mbwa. Akailaza.

"Inua."

Nikashindwa. Nikateleza, nikapiga goti.

"Inua, Mereana."

"Inua mwenyewe!" Nikapiga kelele mpaka kondoo wakageuka. "Nimechoka, Hepa! Toka saa kumi nimesimama! Pikipiki yako, mlima wako, kazi yako, kwa nini niinue mimi?"

Akanisogelea na gongo lake, taratibu. Hakukasirika.

"Usitumie mikono. Weka giya ya kwanza isikukimbie. Kata usukani. Geuka, uipe mgongo. Kalio kwenye kiti, shika chini, sasa sukuma kwa miguu, rudi kinyumenyume."

Nikafanya ili anyamaze tu.

Ikainuka. Na waya wake, na chupa zake. Ikasimama, nami nimesimama nayo.

Leanne akapiga makofi. Hepa akageuka upande wa mlima, nikaona mabega yake yanacheza. Analia.

"Hii," akasema. "Hii hii."

Basi nikajua yamekwisha. Mume wangu amepata pikipiki, nyumba imepona, nami naweza kulala.

Mzee Geddes alikuja siku mbili baadaye na karatasi. Akaziweka mezani, akanisogezea mimi.

"Weka sahihi hapa, Mereana."

"Ya pikipiki?"

Akamwangalia Hepa. Hepa akaangalia chai yake.

"Hujamwambia?" Geddes akasema. "Ee bwana wee, hujamwambia!"

Nikasoma. Ulikuwa mkataba wa kazi. Mchungaji wa shamba, jina langu kamili. Nyumba, jina langu.

Kumbe siku ile kwenye ngazi, Hepa alishamwambia Geddes kila kitu. Kwamba yeye mlimani harudi tena, hata nyonga ikipasuliwa. Kwamba ile kazi aliyokuwa analipwa, nusu yake kwa miaka kumi na tisa nilikuwa naifanya mimi. Kwamba mchungaji wake yupo, yuko jikoni. Geddes akajibu sawa, ila lazima ipatikane pikipiki ambayo Mereana anaweza kuiinua akiwa peke yake, maana hataki maiti mlimani kwake.

Geddes akaona hali ya hewa, akasema anaenda kuangalia geti.

"Ulinipima," nikamwambia Hepa. "Wiki tatu unanipima kama ng'ombe mnadani."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa!"

"Halafu tungelala wapi?"

Swali hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nililala pale masaa matatu," akasema, sauti imeshuka. "Sikuwaza kufa, mke wangu. Niliwaza nikifa watakutoa hapa kwa wiki mbili, na nusu ya hawa kondoo umewazalisha wewe. Jina lako halipo popote."

Nilimpenda sana dakika ile. Na nilitamani kumpiga na birika. Vyote viwili kwa pamoja, wanawake mtanielewa.

Nikaweka sahihi.

Mwezi wa nane nikapanda. Mvua ya ubavu, wanakondoo wamekufa baridi kwenye majani, wengine nawabeba ndani ya koti. Niliangusha ile pikipiki mara kumi na moja, nikaiinua mara kumi na moja. Nikirudi jioni Hepa ameshapika, supu chumvi tupu, ananivua buti kwa sababu mimi siwezi kuinama. Watu mjini wananiita mwanamke wa chuma. Mwanamke wa chuma halali na chupa ya maji moto mgongoni.

Somo langu ni dogo tu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Unaweza kumpenda mtu, ukamwokoa, ukapatia kila kitu, kipimo cha kiti mpaka klachi, na bado ukawa umemwibia kitu kimoja, nafasi ya kusema ndiyo kwa mdomo wake. Muulize. Hata kama jibu unalijua. Hata kama jibu litakuwa hapana na hamna pa kulala.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, kabla hakujapambazuka, nikiwa navaa soksi ya pili, Hepa akageuka kitandani.

"Mereana."

"Nini?"

"Hii kazi, unaitaka?"

Miezi minane baadaye! Nikamwangalia. Nywele zimemsimama, uso umejaa usingizi, anasubiri kweli.

Nikamwambia, "Niulize tena siku nikipumzika."

Toka siku hiyo ananiuliza kila Jumapili. Bado sijapumzika.