Kiwanja Kisicho na Mchwa

Katika miaka ile ya soko huria, mjomba wangu wa Iguguno aliazimia kujenga nyumba penye josho la zamani, mahali ng'ombe walipokuwa wakiogeshwa dawa ya kupe. Nilikuwa nimehitimu chuo cha ardhi, nikaona ni wajibu wangu kumwokoa. Nilimkuta kiwanjani pamoja na muuzaji.

"Shikamoo, mjomba. Udongo huu una sumu. Haufai kwa makazi."

"Marahaba. Nyumba zangu mbili zimeliwa na mchwa. Hapa umeona mchwa?"

Nilikiri kwamba sikuona hata mmoja.

"Basi dawa bado ina nguvu."

"Mjomba, sumu hii hukaa ardhini miaka na miaka! Itaingia kisimani, watoto wataugua."

Muuzaji alinisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi yeyote. "Miaka na miaka," alirudia, kisha akapandisha bei papo hapo. Mjomba hakuimudu.

"Elimu yako imeninyang'anya kiwanja," alisema, akaninunia hadi mavuno ya alizeti.

Niliridhika, hadi niliposikia kwamba jirani yake anauza mbuzi ili akinunue. Nilimfuata kumwonya, safari hiyo nikihakikisha muuzaji hayupo karibu.