Mimba Niliyoinyamazia

Mimba yangu ilipofika miezi saba, mchana ulianza kunichezea. Nikianika nguo uani kwetu Kibomet, naona vinyota vyeupe vikielea juu ya kamba, vinazimika, vinarudi. Sikuviogopa. Kusema kweli nilivipenda. Miguu nayo ilivimba hadi ndala zikakataa kuingia, na majirani wakanisifu kwamba ndoa imenikubali. Nami kwa kupenda sifa nikazunguka mtaani na uso uliofura kama andazi, nikijiona malkia.

Kliniki nilikuwa nimekwenda mara moja tu. Sista aliniuliza hii ni mimba ya ngapi, nikajibu ya kwanza. Haikuwa ya kwanza. Miaka miwili nyuma presha ilinipanda ghafla, nikajifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Lakini kwa watu wa mume wangu watoto hawahesabiwi kwa sauti, na aliyeondoka kabla ya kupewa jina hatajwi kamwe, asije akamwita mdogo wake. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha hivyo. Nilishukuru, maana kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kulia. Sista aliandika moja kwenye kitabu, akanipa tarehe ya kurudi. Sikurudi.

Siku moja nilikwenda Mabanga kumsalimia mama mkwe. Njiani kichwa kiliniuma tangu Kiminini. Nilikaa jikoni nikimtazama akichambua mboga, mikono yake ikawa minne, kisha miwili, kisha ukungu mtupu. Nikamsimulia vile vinyota vyangu, polepole, kama ndoto nzuri. Akaacha mboga. Alinibonyeza mguu kwa kidole gumba, akakiondoa, shimo likabaki.

"Uso ulianza kufura lini?"

"Si ni kunona tu, Mama."

"Kunona gani? Simama, twende hosi."

Hospitalini Bungoma, sista kijana alinipima presha, akatazama mashine, akapima tena. Alifungua kitabu changu cha kliniki, nilichokuwa nacho mkobani.

"Hapa imeandikwa ni ya kwanza. Ni kweli?"

Mama mkwe alikuwa kando yangu. Nilimwogopa yeye kuliko ile mashine.

"Ya kwanza," nikasema.

"Huyu anaficha," mama mkwe akasema. "Hii ni ya pili. Wa kwanza alikuwa kijana, alikufia tumboni juu ya hii presha. Ni mimi nilimwambia ati anyamaze. Andika."

"Mngesema mapema, Mama, tungemwangalia kila wiki," sista akajibu, huku tayari akimwita daktari.

Walinidunga sindano iliyonichoma mwili mzima, kisha dari ikaanza kwenda mbali, taratibu, na mimi nyuma yake. Alasiri ile walinipasua. Nilipozinduka niliambiwa nina binti, mdogo mno, amewekwa kwenye chumba cha joto, na analia. Nilicheka, nikaumia mshono.

Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Nilidhani anaomba, kumbe alikuwa anakunja vidole, kimoja kimoja. Miaka yote nilijua amezaa watoto watano.

"Nilizaa tisa," alisema. "Wanne hawakuishi, na wawili kati yao walikufa nikiwa na miguu kama yako. Mimi pia walinisifu."