Mama Kendi Halali

Tangu jana makalio yangu hayajui kiti. Kazi yangu ni kutunza vifaa vya kupima unyevu kwenye mashamba ya viazi hapa Kiirua. Vinatuma habari bila waya, kisha vinalala ili betri idumu. Kwa ujuaji wangu, kila kifaa nilikipa jina la mwenye shamba.

Jana kimoja kikagoma kulala. Nikamwandikia fundi mwenzangu: "Mama Kendi halali, ananiita kila dakika. Jioni naenda kumlaza mwenyewe."

Simu ikajaa vicheko. Kumbe nimetuma kwenye grupu la wakulima, na mwenyekiti ni mume wa Mama Kendi!

Kabla sijafuta, mzee mwenyewe akabisha hodi, bakora mkononi.

"Fundi, twende pamoja. Hata mimi nataka kuona vile unamlaza."